Umeme ukikatika, acha mashine ilale

Ushauri ule umerudi tena: mthibitishaji wa Ethereum, yaani mtu anayeweka amana ya sarafu ya ether ili mashine yake ipige kura kuthibitisha miamala ya mtandao huo, awe na mashine mbili zenye funguo zilezile za kutia sahihi, zote hewani, ili moja ikizimika nyingine iendelee kupiga kura. Jamani, hapana! Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote ya kufyekwa, yaani kukatwa amana na kufukuzwa kwa kosa la sahihi, na wanaoumia ni wageni walioweka ether 32 zao zote.

Kutokuwa hewani hakufyekeshi mtu. Unakosa malipo ya kura kila epoki, yaani mzunguko wa kura wa dakika 6.4, na unakatwa kiasi kidogo. Ukizimika siku nzima, siku moja hivi ya kazi inakifidia kilichokatwa. Kinachofyekwa ni ufunguo mmoja kutia sahihi kura mbili zinazogongana, au bloku (mafungu ya miamala) mbili za zamu moja. Mashine mbili zisizojuana zitalifanya hilo siku yoyote, kwa sababu haziuoni mnyororo wa bloku sawasawa kila sekunde.

Ni kweli, tangu sasisho la Ethereum liitwalo Pectra, la Mei 2025, faini ya kwanza imeshuka hadi sehemu 1 kati ya 4,096 ya amana. Kwa ether 32 haifiki 0.008. Lakini unatolewa kazini kwa lazima, amana inafungwa siku 36 hivi huku ukihesabiwa mtoro, yaani asiyepiga kura, na katikati yake inakuja faini ya pili inayopanda kadiri wenzako waliofyekwa siku hizohizo walivyo wengi. Amana zao zikifika theluthi ya amana yote ya mtandao, yako inakwisha.

Unahamisha mashine? Simamisha ya zamani, toa faili la kinga lenye kumbukumbu ya sahihi zako, kisha futa funguo humo. Usiishie kuzima tu: huduma iliyowekwa ijiwashe itaamka umeme ukirudi. Pakia faili hilo kwenye mashine mpya pamoja na funguo, subiri uone kura zimekosekana epoki tatu mfululizo, ndipo uwashe. Ni dakika 20 tu.

Pesa ya mashine ya pili nunulia UPS (betri ya akiba) na modemu ya laini ya simu.

Utoro huuma kweli pale tu mtandao mzima unaposhindwa kukamilisha bloku, yaani kuzipitisha zisibadilike tena, kwa zaidi ya epoki nne. Mei 2023 ilitokea, nayo ilianzia kwenye programu za Prysm na Teku zilizolemewa na kura za zamani. Kwa hiyo unapochagua programu, chagua ile yenye watumiaji wachache, ili ikilemewa isiusimamishe mtandao mzima.