Noah Isiyolala

Nyumbani kwangu Tabata mimi ndiye waziri wa kuzima taa. Nikiingia tu, hata viatu sijavua, nauliza: taa ya korido nani kaiacha? Hii feni inampepea nani? Kwani uniti za LUKU naziokota? Mama Nasra keshazoea. Siku hizi ananijibu "ndiyo, mheshimiwa" na kuendelea kukuna nazi yake.

Sasa mtu wa namna hiyo, saa 10 alfajiri, jirani ananigongea dirisha.

"Baba Nasra, umeacha taa za gari."

Natoka na msuli wangu, nachungulia. Gari langu, Toyota Noah, limeegeshwa vizuri, milango imefungwa, funguo ninazo mkononi. Nyuma inang'aa nyekundu kama jiko la muuza mishikaki. Taa za breki! Dereva alikuwa kitandani anakoroma, lakini breki imekanyagwa. Na nani? Jirani naye akajiuliza hilohilo, maana nilimwona anarudi nyuma hatua mbili.

"Samahani jirani, hili gari ulinunua kwa nani?"

Kumekucha, betri imekata kauli. Globu mbili za wati 21 kila moja, jumlisha na ile ya juu kwenye kioo cha nyuma, zimekesha. Betri gani ya mtumba itavumilia? Watoto wana shule. Nikaita vijana wa kijiweni, wakasukuma kutoka getini hadi kwa muuza chipsi, jasho linawatiririka, nikawapa elfu tano yao. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa anapiga mswaki barazani akatema povu, akauliza kwa upole, "Kwani hiyo si otomatiki?"

Nilijua, jamani. Otomatiki hata ukiisukuma mpaka Kibaha haiwaki. Lakini mtu ukiamshwa saa 10 unasahau hata jina la mkweo. Elfu tano haikurudi.

Na wiki hiyo nilikuwa na kesi nyingine nyumbani. Mama Nasra alifagia gari akakuta chenga chenga za rangi ya kahawia kwenye kapeti la dereva. Akahukumu papo hapo: nakula kashata peke yangu kwenye foleni, watoto nawaletea stori. Nikaapa. Hakunisikiliza. Yaani ndani nanuniwa, nje gari linakesha.

Fundi wa kwanza alikuwa shemeji yangu, ambaye si fundi, ila ana bisibisi. Akasema ni globu. Shemeji, globu mbovu haiwaki, hizi zinawaka mpaka majirani wanaswali! Akabadilisha hivyo hivyo. Akaweka mpya, safi, zikawa zinawaka vizuri zaidi.

Wa pili alikuwa fundi umeme kweli, ana testa na kalamu sikioni. Akasema kuna shoti. Akafungua dashibodi, akazitoa nyaya nje mpaka gari likawa kama mtu anayefanyiwa upasuaji. Akaomba hela ya rilei, hela ya tepu nyeusi, hela ya kula. Jioni akarudishia, mkononi akabakiwa na skrubu nne. Akaziweka kwenye kisahani cha majivu. "Hizi zilikuwa za ziada, bosi." Mjapani huyuhuyu anayepima kila kitu kwa milimita ndiye alifunga skrubu za ziada? Taa, zinawaka.

Shemeji akarudi na wazo: jioni chomoa fyuzi ya taa za breki, asubuhi rudisha. Nikamwona wa maana. Asubuhi nimepitiwa, sijairudisha, nimewasha gari, nimekanyaga breki, gia imegoma kutoka P, ile ya kuegesha. Nimebembeleza, nimevuta, wapi. Kumbe otomatiki hii hairuhusu gia itoke mpaka swichi ya breki iipe taarifa kwamba mguu upo. Fyuzi ikitoka, taarifa haifiki. Nikairudisha, gia ikatoka bila hata kukanyaga. Hapo ningekuwa na akili ningeshtuka kwamba mchawi ni hiyo swichi. Lakini mimi nilikuwa nawahi shule.

Tukafika foleni ya Buguruni. Nyuma yangu daladala, honi mfululizo. Konda akatoa kichwa dirishani: "Mzee, toa mguu kwenye breki, twende!" Nikamwambia mguu umetoka. Akasema anaona taa. Nikanyanyua mguu mpaka usawa wa usukani aone kwa macho yake. Abiria wakacheka, Nasra akajificha chini ya begi lake. Kwa hasira nikachomoa fyuzi palepale.

Mita mia mbili mbele, afande, mweupe pe.

"Taa zako za breki haziwaki."

Shilingi 30,000. Nikamwambia, "Afande, hizi taa zimewaka juzi usiku kucha, na jana, na majuzi. Naomba yale masaa yahesabiwe." Aliandika huku anacheka, lakini aliandika.

Basi nikapelekwa kwa mzee mmoja wa gereji chini ya mwembe, Segerea. Huyu testa hakuigusa. Alilala chali chini ya usukani, miguu nje, kama mtu anayetafuta shilingi mvunguni. Kimya. Kisha akauliza, "Huwa unakula nini humu?"

Mzee, hata wewe?

Akanyoosha kiganja. Chenga chenga za kahawia. Akabonyeza moja, ikasagika kama unga. "Hii ilikuwa kizibo cha plastiki." Akanielekeza. Juu ya pedeli ya breki kuna swichi yenye kidude kinachochomoza, sawa na kile cha mlango wa friji. Pedeli ikitulia inakibonyeza, taa zinazima. Ukikanyaga inakiachia, taa zinawaka. Sasa pale pedeli inapokibonyeza kuna tundu lenye kizibo. Plastiki imezeeka, imekauka, imemeguka. Kidude kinapita kwenye tundu, hakuna wa kukibonyeza. Gari linaamini nimekanyaga breki tangu Jumatatu.

Kizibo chenyewe ukubwa wa kifungo cha shati. Nikashuka Gerezani, kwenye maduka ya spea, kukitafuta. Duka la kwanza wakasema hakiuzwi peke yake, ninunue pedeli nzima. La pili wakaniambia nilete gari. La tatu kijana akakitazama kipande nilichokishika, akaniuliza kama ni dawa.

Nikarudi kwa mzee mikono mitupu. Akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili za bafuni, maana wiki hiyo viatu vya nini tena. "Vua moja." Akakata kipande kisiginoni kwa kiwembe, akakichonga, akakipachika kwenye tundu. Taa zikazima. Nikakanyaga, zikawaka. Nikaachia, zikazima. Nimerudia mara ishirini hivi, mzee akaniomba nimwachie nafasi, kuna wateja.

Nikafika nyumbani na kandambili yenye tundu, na zile chenga nimezifunga kwenye karatasi kama kielelezo cha mahakamani. Nikamwekea Mama Nasra mezani, nikasimama. Akazichambua kwa kidole. Akanusa.

"Haya, hizi ni plastiki. Nimekubali."

Nikavuta kiti.

"Na lile ganda la kashata nililolikuta chini ya siti?"

Nikamwambia ngoja kwanza nikaangalie kama nje nimezima taa.