Nailoni juu ya sufuria ya wali

Mama ntilie anapofunika wali kwa mfuko wa nailoni, kisha kifuniko juu yake ili mvuke usipotee, anafanya alichofundishwa. Ukiuliza kama plastiki inaleta saratani ya matiti, utajibiwa: "Haijathibitishwa." Ni kweli. Ila wengi wakisikia hivyo huelewa "ni salama", na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Wanaotilia shaka kwamba plastiki inaleta saratani wana hoja. Bisfenoli A, kemikali ya plastiki ngumu na ya utando wa ndani wa makopo ya chakula, hutoka na mkojo ndani ya saa chache, na tafiti zinazoipima kwenye mkojo wa wanawake hazijatoa jibu moja. Umri, pombe na jeni za kurithi zina ushahidi mzito zaidi. Lakini mkojo wa leo unaeleza mlo wa jana tu. Saratani ya miaka hamsini huenda ilianza msichana akiwa anavunja ungo, na mkojo wa wakati ule hakuna aliyeupima.

Kwamba kemikali hii huiga estrojeni, homoni ya kike, si uvumi: mwanasayansi Edward Charles Dodds alilionyesha London mwaka 1936, kabla haijawa plastiki. Huko Boston, Marekani, watafiti Ana Soto na Carlos Sonnenschein waliona seli za saratani ya matiti zikizaana bila kupewa homoni. Walihangaika kutafuta chanzo, wakakikuta kwenye mirija ya plastiki ya maabara: nonilifenoli, kemikali nyingine inayoiga estrojeni, iliyotiwa ili plastiki isichakae.

Halafu kuna namba ambayo siachi kuifikiria. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha bisfenoli A ambacho mtu anaweza kula kila siku, kutoka mikrogramu 4 kwa kilo ya mwili hadi nanogramu 0.2. Ni kushuka mara 20,000. Si saratani iliyowasukuma, bali athari kwa kinga ya mwili, na taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula ilikataa hesabu hiyo. Hata hivyo, kiwango kikiweza kushuka hivyo ndani ya miaka minane, waliokula kwa kukiamini kile cha zamani waambiwe nini?

Mfuko wa nailoni kwa kawaida hauna bisfenoli, na ni haki kulisema hilo. Ila mirija ya Boston nayo haikushukiwa. Tatizo lilikuwa kwenye kilichochanganywa ndani yake, ambacho mnunuzi haambiwi. Joto na mafuta ya nazi huvuta vitu hivyo kuingia kwenye chakula.

Mama ntilie hana haja ya kungoja wataalamu wa Ulaya waelewane. Jani la mgomba lililobabuliwa motoni hubana mvuke vilevile.