Nani Anakufukuza, Mzee?

Daktari aliyenipima Januari ni binti mdogo, rika la kifungua mimba wangu, lakini aliliangalia tumbo langu kama hakimu anayekagua kidhibiti. "Presha imepanda, mzee. Anza kukimbia. Nusu saa, mara nne kwa wiki." Akaandika kabisa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: KUKIMBIA. Nusura niipeleke duka la dawa niulize kama wanayo ya kumeza.

Mimi sina ugomvi na kukimbia. Ugomvi wangu ni na kalenda. Angeniambia Julai, tungeelewana. Lakini hii Januari hadi Machi, hapa Kisumu, jua haliwaki tu, linakuandama. Unalikimbia upande huu wa barabara, unalikuta limeshavuka linakusubiri ng'ambo.

Shemeji yangu aliye Uingereza nilipomlalamikia alicheka. "Si nyinyi Wakenya mnazaliwa na raba miguuni?" Huyu naye amekaa ng'ambo mpaka amesahau ramani. Wale anaowaona kwenye televisheni hufanyia mazoezi Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mahali mtu huvaa sweta mpaka saa nne. Sisi tuko kama mita 1,130 tu, kando ya ziwa, na hewa imejaa maji kama sufuria iliyofunikwa. Jasho kazi yake ni kukauka ili mwili upoe. La hapa halikauki. Linateremka mgongoni, linapita kwenye kaptura bila aibu, linajaa soksi, na baada ya dakika kumi raba zangu za mtumba, nilizozitoa soko la Kibuye siku ya Jumapili, zinalia kwacha-kwacha kama vyura wa Nyando.

Daktari alisema mwili huzoea joto baada ya wiki mbili hivi. Leo ni siku ya kumi na moja. Kilichozoea mpaka sasa ni jasho lenyewe: siku hizi linatoka kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Nilimpigia simu kulalamika. Akafurahi! Eti hiyo ndiyo dalili kwamba mwili unajifunza.

Na msidhani mimi ni mwoga. Joto linaogopwa na wakubwa. Mwaka 2019 kule Doha, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa usiku wa manane kwa sababu mchana hapakaliki, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Halafu ikaja Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021. Marathoni ikang'olewa Tokyo ikapelekwa Sapporo, zaidi ya kilomita 800 kaskazini, kutafuta ubaridi. Hata huko, wanawake walianza saa kumi na mbili asubuhi, saa moja kabla ya wakati uliopangwa, ndipo Peres Jepchirchir wetu akachukua dhahabu. Mashindano mazima yanahamishwa! Mimi niliomba kuhamishiwa Kericho kwa shangazi, wiki tatu tu. Mama watoto akaniambia nipeleke ombi kwa kamati. Kamati ni yeye.

Basi tukabaki na swali la saa.

Alfajiri ndiyo bora, kila mtu anasema. Sawa. Lakini huku magharibi jua la Februari hutokeza karibu saa moja kamili; Mombasa wanakuwa wameshaliona dakika ishirini nzima. Kwa hiyo anayetaka ubaridi akimbie gizani. Na njia tambarare yenye kaupepo ni ile ya kushuka Dunga, ufukoni mwa ziwa. Na Dunga kuna kiboko. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, akarudi kunapopambazuka, yaani saa ile ile daktari anayotaka mimi niwe barabarani. Msidanganyike na lile umbo. Na kitambi chake kile, mbio anamshinda binadamu. Hilo liliniuma, nisiseme uongo. Mnyama ana zaidi ya kilo elfu moja, hajaandikiwa KUKIMBIA na mtu yeyote, anakula usiku kucha, na bado ananiacha.

Mchana usiniulize. Mchana hata wale wazee wa ajua, bao letu la huku, huhama na kivuli, jiwe baada ya jiwe, bila kusimamisha mchezo. Korongo wale wenye upara na mfuko shingoni, wanaosimama juu ya taka kama madiwani, hujinyea miguuni ili wapoe. Si matusi, ni maumbile yao. Mimi sijafika huko, ingawa Machi bado haijaisha.

Ikabaki jioni. Na jioni ina joto la lami, moshi wa tuktuk, na watu.

Watu ndio wabaya kuliko jua. Mwanaume wa miaka arobaini na sita hakimbii Manyatta bila sababu inayojulikana. Jana nilitoka saa kumi na moja na nusu nikashika Ring Road kuelekea Nyalenda. Hatua mia mbili tu, mlinzi wa duka la vifaa akasimama na rungu, akaangalia nyuma yangu kuona kundi linalonifuata. Hakuona kundi, akazidi kunishuku. Mama anayekaanga samaki akavuta karai lake karibu. Vijana wa boda wakapaza sauti, "Jaduong', yaani mzee, nani anakufukuza?" Nikataka kujibu "presha," lakini pumzi ya kusema ilikuwa imeshatumika.

Jirani mmoja aliniona nikipita njia inayoelekea hospitali. Hakuniuliza mimi. Alimpigia simu mama watoto, akiwa tayari analia. Kabla sijamaliza kilomita ya pili, nyumbani kwangu zilikuwa zimeingia simu tatu za pole, na mama mmoja alikuwa ameshafika na sukari kilo mbili. Sukari hatukurudisha. Ingekuwa kumvunjia heshima.

Nilipokaribia ziwa, wale vijidudu vya ziwani wakaja kama moshi. Mtu anayekimbia kwenye joto hufungua mdomo, hana la kufanya. Nilimeza wengi kiasi cha kuitwa mboga. Uliokosekana ni ugali. Nikiwa bado natema, nikaanza kuhisi baridi. Baridi, jamani, kwenye joto lile! Vinyweleo vimesimama, kichwa chepesi, barabara inapumua. Hapo nilikumbuka onyo la daktari: ukihisi hivyo, simama, tafuta kivuli, jimwagie maji. Nikasimama. Hilo nalifanya vizuri sana. Mama anayeuza maji kando ya barabara akanimwagia chupa mbili kichwani bila kuniuliza, akanidai shilingi mia moja.

Kijana wa boda alikuwa amenifuata polepole tangu Nyalenda, kama tai. "Panda, mzee. Usitufie hapa." Nikapanda, mbele yangu mtungi wa gesi, nyuma yake mimi mwenyewe nikichuruzika. Kilomita tatu na nusu hadi nyumbani, upepo usoni. Nawaambieni, michezo ni raha.

Nilichosahau ni simu. Binti yangu aliniwekea programu ya kuhesabu mbio, na ilikuwa mfukoni ikihesabu tu. Nilipoingia nyumbani, nikiwakuta waombolezaji sebuleni, ikatangaza kwa sauti: kilomita za mwisho, kila moja kwa dakika mbili na sekunde arobaini na moja.

Binti yangu alishika kichwa. Siku ile ya Oktoba 12, 2019 kule Vienna, Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, kila kilomita ilimchukua kama dakika mbili na sekunde hamsini. Na yeye alikuwa na wenzake wa kumkinga upepo, na asubuhi ya baridi. Baba yake, na kitambi, na joto la Kisumu, amempita kwa sekunde tisa. Akapiga picha ya skrini, akaituma kwa ukoo mzima, na kwa yule shemeji wa Uingereza.

Mama watoto aliiangalia simu, akaniangalia mimi, akaiangalia simu tena. "Kumbe unaweza. Na juzi ulisema huwezi kufika dukani kwa miguu kununua unga."

Kesho ni siku ya mazoezi. Yule kijana wa boda nimemwambia anisubiri steji saa kumi na mbili kasorobo, na apunguze mwendo kidogo, maana watu wameanza kushuku.