Nani achague usimbaji wa faili: kompyuta, lugha au mwandishi wa programu?

Ng’ang’a ni jina la herufi sita na ritifaa mbili. Likichapwa kwenye Word, ritifaa hizo hupindishwa zenyewe, na orodha ikihifadhiwa kwa UTF-8, mojawapo ya aina za usimbaji, yaani taratibu za kugeuza herufi kuwa namba ziitwazo baiti, kila ritifaa huchukua baiti tatu, ambazo kwa heksadesimali huandikwa E2, 80 na 99. Sasa programu nyingine iifungue faili hiyo ikidhani imeandikwa kwa Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows. Kila baiti itasomwa kama herufi inayojitegemea, na mkulima anayepeleka maziwa kwenye ushirika kule Bahati, Nakuru, atatokea kwenye orodha ya malipo kama Ngâ€™angâ€™a. Programu haitakwama, karani hataonywa, na huenda mtu wa kwanza kuona kasoro akawa mkulima mwenyewe. Faili ikihifadhiwa tena kwa UTF-8, zile baiti tatu huwa nane, na ikisomwa vibaya mara ya pili jina halitambuliki.

Eneo letu haliwezi kulikwepa jambo hili. Ng’ imo katika Kiswahili, katika Dholuo na katika lugha za Waluhya. Imo katika majina ya mahali kama Ng’iya kule Siaya na Nyang’ori kule Vihiga. Gĩkũyũ, lugha ya wakazi wengi wa Nakuru, ina ĩ na ũ, ambazo Windows-1252 haina kabisa. Ndiyo maana swali la kiufundi, kwamba faili isomwe kwa usimbaji upi pale mwandishi wa programu asipotaja wowote, kwetu ni swali la majina ya watu.

Jibu la zamani lilikuwa kuiachia kompyuta. Amri ya kufungua faili katika Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, ikiachwa bila maelezo zaidi, huuliza mfumo endeshi umewekwa lugha na nchi gani, kisha hufuata jibu hilo. Java nayo ilifanya hivyo hadi toleo la 17. Kwenye Linux jibu huwa UTF-8 karibu kila mara; kwenye Windows iliyowekwa Kiingereza huwa Windows-1252.

Wanaoutetea utaratibu huo wana hoja nzito kuliko wanavyopewa haki. Faili nyingi husomwa na kompyuta ileile iliyoziandika, au na jirani yake ofisini. Hadi mwaka 2019 Notepad ya Windows ilihifadhi maandishi kwa usimbaji wa kompyuta usipochagua mwingine, na hata leo Excel, ukichagua CSV (jedwali la maandishi matupu) ya kawaida, hufanya hivyo. Karani akihifadhi orodha yake asubuhi, programu inayofuata mipangilio ya kompyuta hiyo itaisoma sawasawa. Programu ya Python inayodai UTF-8 itakutana na baiti 92, ambayo ndiyo ritifaa iliyopinda ya Windows-1252, na itakataa kuendelea kwa sababu baiti hiyo haiwezi kusimama peke yake katika UTF-8. Kwa karani, programu iliyofanya kazi miaka yote imeharibika, na aliyeiharibu ni fundi aliyekuja kuweka toleo jipya. Malalamiko hayo ni ya haki. Gharama ya kubadilisha chaguo-msingi, yaani kinachotumika mtu asipochagua, haimwangukii aliyelibadilisha, inamwangukia mwenye kumbukumbu za miaka 15.

Lakini faili husafiri. Kijana anaandika programu kwenye laptopu yenye Linux akiwa Kisumu, anaijaribu, majina yote yanatoka safi, anaituma Nakuru kwenye ofisi yenye Windows, na msimbo uleule usiobadilika hata nukta unatoa matokeo mengine. Chaguo-msingi linalobadilika kulingana na meza programu ilipowekwa halimwahidi mwandishi wake chochote. Majaribio aliyofanya yanathibitisha tu kwamba programu inafanya kazi pale alipoijaribu.

Na kuna jambo linalonisukuma zaidi upande wa UTF-8, nalo ni namna kila usimbaji unavyokosea. Windows-1252 hukubali karibu kila baiti. Ni tano tu kati ya 256 ambazo Python huzikataa. Mojawapo ni 9D, na ndiyo baiti ya mwisho ya alama ya kufungia usemi iliyopinda. Hivyo programu inaweza kupita juu ya ritifaa elfu moja zilizovurugika bila kusema neno, kisha ikaanguka kwa sababu ya alama moja ya usemi kwenye ukurasa wa mwisho, na fundi akaanza kuitafuta hitilafu mahali pasipo pake. UTF-8 imejengwa tofauti. Ken Thompson na Rob Pike walipoibuni mwaka 1992, waliipa muundo ambapo baiti ya kwanza hutangaza idadi ya zinazofuata, na zinazofuata zina umbo lao maalumu. Maandishi ya usimbaji mwingine yenye herufi za nje ya ASCII, yaani herufi na alama za msingi za Kiingereza, ni nadra kupita kwenye muundo huo kwa bahati. Ukikosea, unajua. Kwa orodha ya malipo au daftari la wagonjwa, kosa linalojitangaza lina thamani kuliko ulaini wa kuanza kazi.

Lugha kadhaa zimeshaelekea huko. Ruby 3.0 ilibadilisha chaguo-msingi lake kwenye Windows mwaka 2020. Java 18 ilifuata Machi 2022, na R 4.2 ikaitumia UTF-8 kwenye Windows mwezi uliofuata. Python imekwisha kuamua kwamba toleo la 3.15 litaifanya UTF-8 chaguo-msingi. Katika Java mabadiliko yamewafikia wengi kwa kishindo, kwa sababu ofisi huruka kutoka toleo moja linalotunzwa kwa muda mrefu hadi jingine: aliyehama kutoka 17 kwenda 21 alikutana nayo bila kuyatafuta. Mlango wa kurudi upo, kwa kuuweka mpangilio wa file.encoding kuwa COMPAT, nami naona ni sawa kuutumia kwa muda ofisi ikipanga kazi zake.

Wapo pia wanaosema chaguo-msingi lifutwe kabisa, kila mtu ataje usimbaji kila afunguapo faili. Nawaheshimu, kwa sababu wanataka uamuzi uonekane. Ila pendekezo lao lina tatizo moja kwenye darasa la wanaoanza. Mwanafunzi wa Kakamega anayesoma faili kwa mara ya kwanza akilazimishwa kujaza nafasi asiyoielewa, atanakili chochote kitakachoondoa kosa. Mara nyingi kitakuwa Latin-1, usimbaji mwingine wa zamani ambao hukubali kila baiti bila kulalamika, na tutakuwa tumerudi kwenye ukimya uleule. Upande wa pili, lugha isiyompa mtu hata nafasi ya kutaja usimbaji ni mbaya zaidi: FileReader ya Java ilikaa tangu 1997 hadi toleo la 11 la mwaka 2018 bila kuruhusu usimbaji utajwe.

Msimamo wangu basi ni huu. Lugha iwe na chaguo-msingi moja, UTF-8, lisilouliza kompyuta. Faili inayotoka nje ya programu, iwe ya karani, ya benki au ya kaunti, isomwe kwa usimbaji uliotajwa waziwazi kwenye msimbo, hata kama ni UTF-8, ili atakayekuja baadaye ajue kwamba mtu alifikiri. Faili ya CSV iliyohifadhiwa na Excel kwa UTF-8 ina baiti tatu za ziada mwanzoni, EF, BB na BF. Python ikiisoma kama utf-8 tupu, alama hiyo hujishika kwenye kichwa cha safu ya kwanza, na programu itaapa kwamba safu ya “jina” haipo ilhali iko mbele ya macho. Ukitaja utf-8-sig tatizo linakwisha.

Mahali pa kuweka chaguo-msingi pana uzito wake pia. Kuweka PYTHONUTF8=1, mpangilio unaoifanya Python itumie UTF-8, kwenye seva ni uamuzi wa mwenye seva, na ni halali. Kubadilisha chaguo-msingi katikati ya programu inayoendelea ni jambo jingine. Nyaraka za Ruby zenyewe zinaonya dhidi ya kuligusa default_external, ambalo ndilo chaguo-msingi lake, ndani ya msimbo, kwa kuwa maandishi yaliyoundwa kabla ya badiliko yanaweza kuwa na usimbaji tofauti na yaliyoundwa baada yake. Maktaba (msimbo unaoazimwa na programu nyingine) inayofanya hivyo kimyakimya huvuruga programu za watu ambao hawakuiomba, na sioni hoja ya kuitetea.

UTF-8 haitatui kila kitu. Ng'ang'a yenye ritifaa iliyonyooka na Ng’ang’a yenye iliyopinda ni maneno mawili kwa kompyuta, na mkopo ulioandikwa kwa moja hautapatikana ukitafutwa kwa nyingine. Ujumbe mfupi wa simu nao hubeba herufi 160 katika alfabeti yake ya kawaida, ambayo ina ritifaa iliyonyooka lakini haina iliyopinda. Ikiingia iliyopinda moja tu, nafasi hushuka hadi 70, na chama kinachowatumia wanachama wake taarifa kitalipia jumbe mbili au tatu badala ya moja. Kwa hiyo inafaa kunyoosha ritifaa zote data inapoingia. Dawa hiyo haiitibu ũ, ambayo nayo ina maumbo mawili kwa kompyuta: herufi moja kamili, au u inayofuatwa na alama yake ya juu.

Kwa orodha zilizokwisha kuharibika, Ngâ€™angâ€™a bado anaokoleka: maandishi yanarudishwa kuwa baiti za Windows-1252, kisha yanasomwa upya kama UTF-8. Lakini pale Java ilipoandika Wanjikũ kwa Windows-1252 na kuweka alama ya kuuliza mahali pa ũ, hakuna kilichobaki cha kurudishwa, na jina lazima litafutwe kwenye fomu ya karatasi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtu ziwe sahihi na zirekebishwe zikikosewa, kwa hiyo msako huo ni wajibu wa ofisi. Wenye programu za Python waanze kwa kuziendesha na swichi ya -X warn_default_encoding, iliyopo tangu toleo la 3.10, itawaonyesha kila mstari unaofungua faili ya maandishi bila kutaja usimbaji.