Mkwe Amekuwa Shina la Ukoo

Linki imetua kwenye grupu la ukoo, imetumwa na binamu yetu aliyeko Ujerumani. Jazeni jina la babu na mahali alipozaliwa, anasema, vitabu vya parokia vimo mtandaoni, mababu wote watatokea. Tangu hapo hakuna amani. Vijana wa Dar wamejaza, mtandao umewachorea mti, na kwenye shina amesimama babu mzaa mama: mtu aliyekuja Masasi kuoa, akajenga kwa wakwe, akalima kwa wakwe mpaka anazikwa. Mkwe ndiye shina! Bibi, mwenye watoto na mwenye ardhi, kawekwa pembeni kama tawi la kupandikiza.

Jamani. Sisi Wamakua mtoto ni wa nihimo, yaani ukoo, ya mama yake. Wayao, Wamwera na Wamakonde nao wanahesabu kwa mama. Anayejua nani ni ndugu wa nani ni bibi, na kwenye kikao cha ndoa au msiba anayesikilizwa ni mjomba. Sasa mjomba huyo mtamtafuta safu gani?

Najua mtaniambia kitabu cha ubatizo kina jina la mama. Kina, sawa. Karani wa parokia moja ya huku aliwahi kunifungulia kimoja, kimeliwa na mchwa pembeni. Mama wa mtoto: Maria. Mstari wa juu yake, Maria. Wa chini, Maria tena. Maria wa kwa nani? Jina alilopewa na mama yake halimo, wala lile alilotoka nalo unyagoni. Nihimo ndiyo kabisa, haina hata safu. Wanaume ndio balaa zaidi: mtu ana jina la utotoni, akatoka jandoni na jingine, padre akampa la tatu, akaenda kukata mkonge na mnyapara akamwandika anavyojua yeye. Halafu mnataka kompyuta imtambue kwa "jina la ukoo"!

Vitabu hivi havikuanzishwa kwa ajili ya kutafuta mababu. Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1563 ulimtaka paroko aandike nani kaoa nani mbele ya mashahidi gani, na nani kamsimamia nani ubatizo, ili watu wasifunge ndoa za siri wala kuoana na waliozuiwa. Ni kazi ya padre, na aliifanya. Kule Austria na Ujerumani, ambako mtoto hurithi jina la baba karne na karne, kufungua Matricula, tovuti ya vitabu vya parokia, kunaleta raha kwelikweli. Binamu amekaa huko mpaka anadhani dunia nzima imeandikwa hivyo.

Tena huku karatasi zenyewe ni za juzi. Wabenediktini walifika Lukuledi na Nyangao miaka ya 1890, misheni zote mbili zikachomwa kwenye Maji Maji 1905, Ndanda ikaanza 1906. Na Waislamu, ambao ni nusu ya ukoo wetu na wengi wa watu wa pwani hii? Hao linki haikuwahi kuwafikiria.

Kuna watu siwezi kuwacheka, hata nikiwa na hasira. Mwaka 1876 Askofu Steere, wa misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja. Wengine walitekwa wakiwa wadogo, hawakujua tena kwao ni wapi. Kwa mzao wa watu hao, mstari mmoja wa wino wa misheni unaweza kuwa ndio ukoo wote alionao. Huyo apigiwe picha kila ukurasa, na asiambiwe apande ndege kwenda Uingereza kusoma habari za bibi yake mwenyewe. Hilo nitalipigania na yeyote.

Ila nyie wajukuu wa bibi yetu hamjapotea. Bibi mdogo yupo Chiwata, masikio yake mazima, na akianza kutaja akina mama waliomtangulia hamalizi kabla chai haijapoa. Mwezi wa kumi mnakuja wote kugombania hela ya korosho, nawajua. Mje na simu zenye chaji, mrekodini, muulize kwanza nihimo ndipo muulize majina. Na huo mti mliouchora, mmoja wenu aufute kabla mjomba hajaonyeshwa.