Mwacheni anti aongee lugha yake

Binti yetu alipokaribia miaka mitatu, mwalimu wake wa chekechea alituita mimi na baba yake jioni moja, akatukalisha kwenye vile viti vidogo vya watoto. Akasema mtoto anachelewa kuongea, na hata akiongea anachanganya maneno. Dawa aliyotupa ni moja: nyumbani tuongee Kiingereza tu. Tukatii. Nilichofanya tulipofika nyumbani, mtaa wa Umoja hapa Nairobi, kinaniuma hadi leo. Nilimwambia anti, dada anayetusaidia kazi, aache kumwongelesha mtoto Kibukusu, lugha ya kwao.

Anti ametoka Bungoma. Ni mtu wa kuimba akiosha vyombo, wa kumlisha mtoto uji huku sungura anamchezea fisi ujanja kijiko hadi kijiko. Baada ya amri yangu alibaki na Kiingereza cha njoo, kula, lala. Sungura akafa, nyimbo zikaisha. Mtoto akawa anakula kimya akitazama katuni.

Hebu tupige hesabu ambayo wazazi wa Nairobi hatupendi kuipiga. Mimi natoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi niwahi kabla Jogoo Road haijafunga, narudi saa moja jioni mtoto akiwa tayari anasinzia. Ukitoa saa za chekechea, anti anakaa naye saa nane kwa siku. Mimi napata moja na nusu. Kwa hivyo anayemfundisha mtoto wangu kuongea ni nani? Na mimi nilikuwa nimemziba mdomo.

Wiki ya tatu nilichukua daftari, Jumamosi nzima nikawa naandika kila neno alilotamka. Ya Kiingereza yalikuwa kumi na tisa, na hayo ndiyo mwalimu alikuwa akiyasikia. Nilipoongeza ya Kiswahili, ya Kikuyu changu, ya Dholuo cha baba yake na ya Kibukusu, yalipita themanini. Mtoto hakuwa amechelewa. Tulikuwa tunahesabu mfuko mmoja katika mitano.

Hata huko kuchanganya, nilipotega sikio, kulikuwa na mpango. Ana kikombe chake cha bluu. Akimwendea baba yake anasema "miya pi", nipe maji. Kwangu ni "he maaĩ". Kwa anti ni maji, na kikombe kinainuliwa juu kabisa kwa sababu anti ni mrefu. Mtoto ambaye hajafikisha miaka mitatu alikuwa anajua nani ni wa lugha gani. Alipokosa neno katika lugha moja aliazima katika nyingine, kama sisi watu wazima tunavyofanya kwenye matatu kila siku bila kuitiwa daktari.

Najua jibu la wenzangu: Kiingereza ndicho kitampa kazi. Sikipingi. Lakini Nairobi hii ni nani amewahi kukikosa? Kiko shuleni, kwenye katuni, kwenye mtihani, kwenye bango la dawa ya meno. Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, ataiokota mwenyewe pale langoni. Kisichokuwa na mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa nyumba yetu ni Kikuyu, Dholuo na, bahati yake, Kibukusu. Na sikio halisubiri. Kiswahili kina irabu tano, Kikuyu saba, Dholuo tisa. Mtoto mchanga anazitofautisha zote, ila kabla hajafikisha mwaka mmoja sikio limeshaanza kuegemea zile anazozisikia kila siku.

Shule haitatubebea mzigo huu. Kamati ya elimu ya Gachathi ilipendekeza tangu 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ilinde lugha zote za Wakenya. Ila mjini lugha ya eneo hugeuka kuwa Kiswahili au Kiingereza, basi. Na aibu tuliirithi: mama yangu, shuleni kwao Nyeri, alivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kuongea Kikuyu. Hakunivisha mimi mbao, lakini alinijibu Kiswahili maisha yangu yote ya utotoni.

Ndiyo maana ugumu wangu mkubwa uko kwangu, si kwa mtoto. Namsemesha Kikuyu, ananijibu Kiswahili, na ulimi wangu unamfuata kabla sijajua. Siku hizi nanyamaza. Nangoja. Wakati mwingine inachukua dakika nzima, uso umekunjamana, halafu neno linatoka.

Anti nilimwomba radhi jikoni. Alicheka, akasema, "Mama Achieng', mimi nilidhani lugha yetu inawaudhi." Sungura alirudi jioni hiyohiyo. Na Jumapili nyanya yake mtoto akipiga simu kutoka Siaya, "Nyakwara, idhi nade?", mjukuu wangu, hujambo, binti anamjibu "Adhi maber, dani," sijambo, nyanya, kisha anamkabidhi anti simu amwamkue dani kwa salamu ya kwao, "mulembe".

Januari anaingia Gredi ya Kwanza. Fomu ya shule ina mstari mmoja wa lugha inayozungumzwa nyumbani. Nimeandika zote tano. Ya mwisho imekaa pembeni, nje ya mstari.