Mshale Unasoma 45, Kona Inasema Lingine

Hii mashine ya kukatia engo itanitia wazimu. Mshale unasoma 45 kamili, umetulia kwenye namba yake, huna la kuushtaki. Unga kona sasa: mende anapita na familia.

Bledi nimebadilisha. Mbao nimeanika. Unga wa mbao uliojibana kwenye ukuta wa kuegemezea nimeupuliza, ukahamia jichoni.

Katikati ya hayo akaja mama wa fremu ya kioo. Namheshimu sana, alilipa advansi, na advansi mnajua huwa inaenda wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fremu yangu?"

Nikaisimamisha, mninga mtupu, kiganja kimefunika kona kama bwana harusi aliyefumaniwa na doa la pilau.

"Toa mkono, fundi."

"Gundi bado mbichi, mama."

"Toa mkono, mwanangu."

Nikatoa. Kona tatu akazipita. Ya nne akainama, akafungua pochi, akatoa kitambulisho cha taifa, akakichomeka kwenye mwanya. Kikaingia. Akaongeza kadi ya benki. Nayo ikaingia, zikakaa bega kwa bega.

Nikakohoa kisomi. "Mama, fremu ina mikato minane. Kila mkato ukipotea nusu digrii tu, kona ya mwisho inapokea digrii nne. Hii unayoiona imebeba dhambi za wenzake."

"Kwa hiyo nimelipia dhambi?"

Vijana wote wa Keko, waliokuwa hawanisikii nikiomba msaada wa kubeba mbao, siku hiyo masikio yamewafunguka!

Aliyeniuzia anasema mashine ni nzima, tatizo mbao. Jirani mchomeleaji anasema nizibe mwanya kwa pati, nilale.

Na ugonjwa nimeuona. Mkono wa mashine ukifika 45 unadumbukia kwenye kijishimo cha kiwandani, na kijishimo chenyewe kimetobolewa pembeni. Ukiusogeza kidogo, unarudi palepale, mkaidi! Nimekunja karatasi ya risiti, nimeipachika kati ya ukuta na ubao, ndiyo inakata sawa. Mashine ya laki sita, inaongozwa na risiti ya misumari.

Sasa nataka kukata nane upya, haiwaki. Dogo kachomoa waya, anachaji simu. Imejaa asilimia mia, bado anachaji! Wewe, na ile chenji ya chai? Chapati imepanda tangu lini? Mbona mimi jana nimenunua bei ileile, tena na maharage juu?